Yaliyomo Yawe Yamo

Jioni moja, kwenye kibaraza hapa Levolosi, Arusha, nilimwona fundi redio mmoja, mtu mzima, akipokea jarida la muziki kutoka kwa mwanafunzi. Karatasi zilikuwa bado na joto la mashine ya kopi. Alivaa miwani, akafunua ukurasa wa 3, akashusha kidole kwenye orodha mpaka kikasimama: mahojiano na mpiga gitaa mkongwe, ukurasa wa 14. Uso ukamchangamka. Akafunua ukurasa wa 14, akakuta tangazo la madaftari na sare za shule. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele ukurasa mmoja, kisha akalikunja jarida taratibu na kumrudishia kijana. "Mwanangu, nitalisoma siku nyingine."

Siku hiyo nyingine haikufika. Mahojiano yalikuwamo, tena mazuri, ila yalikuwa ukurasa wa 16. Tangazo lilipatikana usiku wa mwisho, likasukuma kurasa mbili mbele, na hakuna aliyekumbuka kurudi kwenye orodha. Nilikuwa nimewasaidia vijana wale kuyahariri mahojiano hayo, na nilijua walivyomfuata mpiga gitaa yule wiki tatu mpaka akakubali kukaa nao. Kazi ya wiki tatu ikapotea kwa tarakimu moja.

Tangu siku hiyo, kila ninapoombwa ushauri na wanafunzi wanaotaka kuanzisha jarida la muziki, naanza na ukurasa ambao wengi huuacha mwisho. Waswahili husema yaliyomo yamo, wakimaanisha kwamba jambo si maneno matupu, kilichoahidiwa kipo. Ukurasa wa yaliyomo ni ahadi ya aina hiyo, na ahadi ni deni. Ushauri ninaoutoa hapa unahusu namna ya kuipanga ahadi hiyo, kuiandika, kuichora na kuilipa.

Mnaingia katika kazi yenye ukoo

Kwanza msijione wadogo. Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, chuo cha misheni ya UMCA kilianza kuchapa Msimulizi, mojawapo ya majarida ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Lilitoka chuoni na kubeba habari za wanafunzi, walimu na vituo vya misheni. Kwa hiyo jarida la Kiswahili lilianzia, kwa sehemu kubwa, pale wanafunzi walipo. Miaka 100 kamili baadaye, mwaka 1988, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliokuwa wakiendesha kipindi cha redio cha rap walianza kutoa The Source kama kijarida cha karatasi moja. Kikaja kuwa jarida kubwa la hip hop duniani.

Na mji mnaouandikia si mji mkavu wa muziki. Hapa Arusha ndipo ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson, George na William, waliotoka Tanga, walipounda Arusha Jazz mwaka 1970, kabla hawajahamia Kenya na kujulikana kama Simba Wanyika. Hapa ndipo lilipozaliwa kundi la X Plastaz katikati ya miaka ya 1990, likachanganya rap ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka kwa kampuni ya Ujerumani. Hapa yametoka makundi ya Nako 2 Nako, Watengwa, na Weusi la akina Joh Makini na Nikki wa Pili. Ukishuka Usa River, chuo kikuu cha Makumira kina idara ya muziki inayofundisha mpaka shahada. Hamna uhaba wa habari. Uhaba huwa wa mpangilio.

Hesabuni kabla ya kuchora

Wanafunzi wengi hudhani ukurasa wa yaliyomo hutengenezwa baada ya makala zote kukamilika. Nawashauri mwandike wa kwanza mapema, kwa penseli, hata kabla ya mahojiano ya kwanza. Kaeni wahariri wote meza moja, kila mmoja ataje makala anayoitaka, mmoja aandike. Mkimaliza, msipongezane bado. Chukueni orodha ile mhesabu.

Wanawake wako wangapi? Watu wenye umri wa wazazi wenu na babu zenu wako wangapi? Wangapi wanapiga ala, na wangapi wanashika kipaza sauti tu? Wangapi ni wa shule yenu au mtaa wenu? Kuna makala ngapi zinazomfundisha msomaji kitu anachoweza kukifanya leo jioni?

Nimeona orodha za machalii wa Arachuga, yaani vijana wa Arusha hii, ambazo kati ya makala kumi, nane zilikuwa za wachanaji wa kiume wa rika moja. Hakuna aliyekusudia kuwatenga wengine. Kila mmoja alileta anayempenda, na wote wanapenda watu walewale. Ukurasa wa yaliyomo unawaonyesha jambo hilo kabla ya msomaji kuliona. Mkiona pengo, lizibeni wakati bado mna wiki za kufanya kazi. Kuna msichana anayeongoza sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Kuna mama aliyeimba taarabu ujanani na sasa anauza ndizi karibu na soko la Kilombero. Kuna fundi anayetengeneza spika za harusi zote za mtaani. Kuna kijana wa Kimaasai anayejua kazi ya olaranyani, yule anayeanzisha wimbo na wenzake wakamjibu. Hawa nao ni muziki wa Arusha. Jarida litakalowaorodhesha pamoja na nyota, kwa herufi za ukubwa uleule, litakuwa limefanya jambo ambalo magazeti makubwa hayajalifanya vya kutosha.

Kunjeni karatasi

Sasa tengenezeni mfano wa jarida. Nadhani wengi wenu mtachapa steshenari, kwa mashine ya kopi ya karatasi za A4. Njia nafuu ni kuikunja A4 katikati, zipatikane kurasa nne za A5. Karatasi sita zikichapwa pande zote mbili, zikakunjwa na kupigwa pini mgongoni, zinatoa jarida la kurasa 24. Kwa njia hii idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 16, 20, 24, 28. Mkiwa na makala za kurasa 22, tafuteni cha kujaza mbili au punguzeni mbili. Nakala 100 za jarida la kurasa 24 zinakula karatasi 600, yaani rimu moja ya 500 na 100 za ziada.

Chukueni karatasi sita tupu, zikunjeni, andikeni namba kwenye kila ukurasa kuanzia jalada hadi jalada la nyuma. Kisha andikeni kwa penseli nini kinakaa wapi. Hii ndiyo ramani ya kurasa, na ndiyo mama wa ukurasa wa yaliyomo. Tangazo likija, mabadiliko yaanzie kwenye ramani, na mtu mmoja tu, si watatu, awe na ruhusa ya kuibadili. Ramani ikibadilika, orodha ya yaliyomo nayo ibadilike saa ileile.

Mkiwa na mfano huo mkononi mtaona mambo mawili. La kwanza, namba witiri huangukia upande wa kulia, na msomaji anapofunua jalada jicho lake huenda kulia. Ndiyo maana ukurasa wa 3 ni mahali pazuri pa yaliyomo. Ukurasa wa 2, nyuma ya jalada, unaweza kubeba tangazo au neno la mhariri. La pili, katika jarida la kurasa 24, kurasa za 12 na 13 ziko kwenye karatasi moja isiyokatwa. Hapo tu ndipo picha inaweza kuvuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila kupinda. Makala yenu kubwa kuliko zote ikae hapo, na namba 12 iwe ndiyo inayoonekana zaidi kwenye yaliyomo.

Jifunzeni kwenye kava la kanda

Nyumba nyingi bado zina kanda za zamani, kwenye sanduku la bibi au nyuma ya redio iliyokufa. Ombeni moja, mtoe ile karatasi iliyokunjwa ndani. Huo ni ukurasa wa yaliyomo uliosanifiwa na watu waliokuwa na nafasi ndogo kuliko yenu. Utaona upande A na upande B. Utaona jina la wimbo, pengine na mtunzi wake pembeni. Utaona namba. Mara nyingi wimbo wa kwanza wa upande A ndio uliotegemewa kuuza kanda, na wimbo wa kwanza wa upande B ni wa kumwamsha tena msikilizaji baada ya kugeuza.

Yatazameni yaliyomo yenu kama upande A na upande B. Msirundike mazuri yote mbele. Makala kubwa ya katikati iwe na kitu kizito baada yake, kwenye kurasa za 16 au 18, ili msomaji ajue kwamba nusu ya pili nayo inafaa kufunuliwa.

Kisha zigaweni makala katika mafungu matatu au manne, yasizidi. Kwa jarida dogo, Watu, Nyimbo na Jifunze yanatosha: mahojiano kwenye Watu, uchambuzi kwenye Nyimbo, na namna ya kufunga nyuzi za gitaa au kuandika beti kwenye Jifunze. Najua mtavutiwa na majina yenye ladha ya muziki, kama Kibwagizo, Mdundo au Mapigo. Yatumieni ikiwa msomaji anaelewa mara moja kilichomo. Fungu likiitwa Mdundo, na ndani yake kuna barua za wasomaji, mmemfungia mtu mlango na kumpa ufunguo wa nyumba nyingine.

Iteni kama konda

Kila kichwa cha makala kuu kwenye orodha kinaomba sentensi moja au mbili za kukisindikiza. Hapa ndipo jarida linapopata au kupoteza msomaji, na hapa ndipo wanafunzi huandika kwa haraka kuliko mahali pengine popote.

Konda wa haisi hakuelezi kwamba gari lake ni zuri. Anaita: Kijenge! Njiro! Morombo! Anataja mahali, na aendaye huko anapanda. Sentensi za yaliyomo zifanye vivyo hivyo: zitaje mtu, mahali, kitu au swali. Ukiandika "Makala nzuri kuhusu msanii wetu", hujataja kituo. Ukiandika "Alianza kwa kupiga ndoo uani kwao. Sasa anaongoza ngoma katika kwaya ya waimbaji arobaini", msomaji anataka kujua ndoo ilifikaje kwenye kwaya. Badala ya "Historia ya muziki Arusha", andika "Ndugu watatu walitoka Tanga na magitaa yao. Mji huu uliwapa jina la bendi yao." Badala ya "Ushauri kwa waimbaji", andika "Sauti imekauka na tamasha ni kesho? Mambo matano ya kufanya leo, na moja la kuacha."

Jihadharini na maneno yanayosifu bila kueleza: mkali, moto, hatari, balaa. Yakiwa kwenye kila mstari hayamwiti mtu. Lugha ya mtaani ina nafasi yake. Chalii akijieleza kwa Kichuga ndani ya mahojiano, mwacheni aseme. Ila kwenye yaliyomo kumbukeni kwamba fundi redio naye anasoma, na mwalimu mkuu, na mama wa mwandishi. Neno moja la mtaani kwenye ukurasa mzima linakolea. Saba yanafunga mlango.

Jiwekeeni mizani pia, kama washairi. Uwanja wetu wa mpira unaitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyechapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Washairi wa jadi wanajua kwamba kipimo hakimfungi mtunzi, bali humlazimisha atafute neno lenye uzito. Nanyi wekeni kipimo: maelezo ya kila makala kuu yasizidi maneno 15. Yakifika 20, someni kwa sauti na mtafute yaliyokaa bure. Msipunguze ukubwa wa herufi ili maneno yaenee. Punguzeni maneno.

Rula, pambizo na herufi

Sasa chukueni rula. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148 na urefu wa 210. Acheni pambizo la milimita 18 upande wa mkunjo, kwa sababu pini humeza nafasi, na milimita 15 upande wa nje. Zinabaki milimita 115. Wengi hugawa nafasi hiyo safu mbili sawa, kila moja kama milimita 55. Kwa Kiswahili hiyo ni safu nyembamba mno. Maneno yetu ni marefu: "wanamuziki", "yanayosikilizwa", "tulimtembelea". Matatu yakikutana, mstari umejaa. Afadhali safu moja pana ya milimita 70 kwa orodha, na nyingine nyembamba ya milimita 40 kwa picha, na milimita 5 katikati kama njia ya kupumua.

Kwa urefu, mkiacha milimita 15 juu na 20 chini, zinabaki 175. Toeni 30 za jina la jarida na neno Yaliyomo, toeni 30 za majina ya wahariri chini, zinabaki 115. Hapo hazitaenea makala kumi zote zenye maelezo. Chagueni nne kuu zipewe kichwa na maelezo ya mistari miwili, na sita nyingine zipewe kichwa na namba tu. Ukurasa hauwezi kupaza kila kitu kwa sauti moja, kama vile kwaya isivyoweza kuwa na waimbaji wa sauti ya kwanza peke yao.

Ukubwa wa herufi unaofaa kwa A5 ni kama 12 kwa vichwa, 9 au 10 kwa maelezo, na 18 kwa namba za makala kuu. Tumieni aina mbili tu za herufi katika ukurasa mzima: moja ya vichwa, moja ya maelezo. Mkitaka tofauti zaidi, tumieni ukubwa na wino mzito. Herufi za kuchorachora kama za ukutani zitumike kwenye jina la jarida pekee, kwa sababu mashine ya kopi huzifuta ncha zake.

Namba iwekeni wapi? Desturi ya vitabu ni kichwa kushoto, nukta nyingi, namba kulia. Katika jarida, wekeni namba kushoto, mara kabla ya kichwa. Jicho halisafiri, na kidole cha msomaji hakitelezi kuingia mstari wa jirani. Kama mnatumia Word, LibreOffice, Scribus au Canva, zipangeni namba kwa tabo au kwa safu ya jedwali lisilo na mistari. Msizisogeze kwa kubonyeza nafasi mara nyingi, maana mkibadili herufi kidogo tu, namba zote zitapinda kama mahindi baada ya upepo.

Kuna mambo ambayo programu hizo hazijui kuhusu lugha yetu, na ni wajibu wenu kuzifundisha. Zimeni marekebisho ya Kiingereza yanayojiendesha, la sivyo mtashangaa neno lenu sahihi limegeuzwa kuwa lisilo na maana. Zimeni ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari, au mkate wenyewe kwa kufuata silabi, mwana-muziki na si mwanam-uziki. Mistari ianzie sawa upande wa kushoto na iachwe huru kulia. Mkiilazimisha kulingana pande zote, maneno marefu yataacha mashimo meupe katikati. Na kichwa kikienda mistari miwili, neno dogo la kuunganisha lishuke pamoja na jina lake. "Sauti" juu na "ya Levolosi" chini husomeka vizuri, lakini "Sauti ya" juu na "Levolosi" chini humkata msomaji pumzi. Vichwa vyote kwa herufi kubwa navyo huchosha, kwa kuwa umbo la neno refu hupotea. Herufi kubwa ya mwanzo inatosha.

Picha moja, au mbili

Katika safu ile ya milimita 40 wekeni picha moja kubwa kuelekea chini, au mbili. Kila picha ibebe namba ya ukurasa wa makala yake, kubwa, pembeni mwa picha na si juu ya uso wa mtu. Picha isiyo na namba ni pambo tu, na ukurasa huu hauna nafasi ya pambo.

Kumbukeni kwamba mtachapa kwa wino mweusi. Mashine ya kopi huwaonea watu weusi: uso uliopigwa picha saa sita mchana, jua likiwa juu ya utosi, hutoka kama kivuli chenye meno. Pigeni picha asubuhi au alasiri, mtu akiutazama mwanga, nyuma yake pakiwa na ukuta mweupe au anga. Kabla ya kuchapa, geuzeni picha kuwa nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta, ongezeni mwanga kidogo, kisha toeni kopi moja ya majaribio kwenye mashine ileile itakayotumika. Msiamini kioo cha kompyuta, aminini karatasi. Msiweke maneno juu ya rangi ya kijivu, maana kopi huitia madoa.

Na picha isipitie WhatsApp kama picha, kwa kuwa hupunguzwa njiani. Itumeni kama dokumenti, au ihamisheni kwa flashi. Kwa uchapaji safi, picha inahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya upana wa sentimita 4 ihesabuni walau pikseli 475 kwa upana, na ya sentimita 6 walau 710.

Majina ni mali ya watu

Jina likikosewa ndani ya makala, msomaji huenda asilione. Likikosewa kwenye yaliyomo, limekosewa mbele ya wote. Wasanii wetu wengi wameyachonga majina yao kwa makusudi. Ni Joh Makini, bila n mwishoni mwa Joh. Ni Nikki wa Pili, kwa k mbili. Ni X Plastaz. Kwa wasiojulikana kuweni waangalifu zaidi, kwa sababu huenda hii ndiyo mara ya kwanza katika maisha yao kuona jina lao limechapwa. Mwulizeni mtu mwenyewe: "Shikamoo mama, jina lako tuliandikeje?" Mpeni kalamu aliandike kwa mkono wake, mtunze karatasi ile.

Andikeni pia jina la aliyepiga picha, hata kama ni mdogo wa mhariri. Mkitaka kuchapa maneno ya wimbo wa mtu, ombeni ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, ndiyo inayoisimamia. Jarida linalodai kuwapenda wanamuziki lisianze kwa kuchukua mali yao bila hodi. Na mkimpiga picha mwanafunzi mwenzenu, mzazi na mwalimu wajue.

Usiku wa mwisho

Jarida lililo tayari kwenda steshenari lisiondoke bila majaribio mawili.

La kwanza ni la wahariri wawili na sauti. Mmoja ashike ukurasa wa yaliyomo, mwingine ashike nakala ya majaribio iliyokunjwa na kupigwa pini kabisa. Wa kwanza asome: "Kumi na mbili. Ndugu watatu kutoka Tanga." Wa pili afunue ukurasa wa 12 na asome kichwa anachokiona kwa sauti. Vikitofautiana hata neno moja, rekebisheni na mwanze upya kutoka juu. Ni kazi ya dakika kumi. Ingekuwa imefanyika, fundi redio angesoma mahojiano yake.

La pili ni la mtu wa nje. Mpeni jarida mtu asiyehusika na shule yenu: muuza vocha, dada wa saluni, mzee wa kahawa. Mwacheni autazame ukurasa wa 3 kwa muda wa kunywa nusu kikombe, kisha funikeni na mwulize maswali matatu. Jarida hili linahusu nini? Ungependa kusoma nini kwanza? Kiko ukurasa wa ngapi? Akijibu yote, ukurasa unafanya kazi. Akikwama kwenye la kwanza, jina au picha haisemi. Akikwama kwenye la pili, sentensi zenu haziiti. Akikwama kwenye la tatu, namba zimejificha. Msibishane naye wala msimweleze mlichokusudia, kwa sababu hamtakuwapo kumweleza kila msomaji.

Mwisho, chini ya ukurasa, andikeni jina la shule, Levolosi, Arusha, namba ya toleo, mwezi na mwaka. Mambo haya husahaulika kuliko yote, kwa kuwa leo kila mtu anayajua. Kisha pelekeni nakala moja kwenye maktaba ya shule na moja Maktaba ya Mkoa. Nimewataja Kiungani na mwaka 1888 kwa sababu kuna watu waliochapa mwaka, wengine wakatunza karatasi. Siku moja mtu atatafuta nani alikuwa akipiga nini hapa chini ya Mlima Meru katika miaka yenu. Atakutana na karatasi iliyofifia, na kabla ya kusoma makala yoyote atafunua ukurasa wa 3. Atashusha kidole kwenye orodha, kama alivyofanya fundi redio. Mpangieni ukurasa huo ili kidole kikisimama kwenye jina la yule mama muuza ndizi, naye akafunua, amkute.